Joto la Kufukuza Maji: Namna ya Kupima Mitambo ya Kitale na Bungoma

Ukiacha moto wa jikoni, kazi kubwa inayofanywa na joto katika kaunti za Trans Nzoia na Bungoma ni moja: kuondoa maji. Mahindi ya Kitale hutoka shambani yakiwa na maji mengi kuliko ghala linavyoweza kustahimili, kwa hiyo hupitishiwa hewa moto mpaka yapungue. Juisi ya miwa inayokamuliwa katika kiwanda cha Nzoia ni maji kwa zaidi ya asilimia 80, na sukari haionekani mpaka maji hayo yachemshwe yaondoke. Makapi ya miwa yanayotiwa katika boila ya kiwanda hichohicho nayo ni maji nusu nzima, na sharti yakauke ndani ya moto kabla ya kutoa joto la maana. Hata sukari guru inayopikwa vijijini katika makarai ya wazi ni maji yanayopelekwa hewani ili utamu ubaki chini. Hata hivyo mitambo hii huhukumiwa kwa vipimo vingine: tani inazopitisha kwa saa, lita za dizeli kwa siku, shilingi kwa gunia, ukubwa wa boila. Hoja ya makala haya ni kwamba vipimo hivyo huficha jambo lenyewe. Mtambo wa joto katika ukanda huu uulizwe kwanza umetumia megajuli ngapi kwa kila kilo ya maji uliyoondoa. Ukishajibu, uulizwe joto hilo lilihitajika katika nyuzi ngapi, na mvuke uliotoka umekwenda wapi. Maswali hayo yanatosha kutenganisha mtambo mzuri na mbovu, na yanaweza kuulizwa na mkulima, msimamizi wa kiwanda na mwanafunzi wa ufundi kwa lugha moja.

Msingi wa kipimo hiki ni tofauti kati ya kupasha maji na kuyageuza mvuke. Mji wa Kitale uko takriban mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na shinikizo la hewa huko ni kama asilimia 80 ya lile la Mombasa. Ndiyo maana maji ya Kitale huchemka karibu nyuzi 94 za Selsiasi, na yale ya Bungoma, mji ulio chini kidogo, karibu nyuzi 95. Kuipandisha kilo moja ya maji kutoka nyuzi 20 hadi kiwango cha kuchemka kule Kitale kunahitaji kama megajuli 0.31. Kuigeuza kilo hiyohiyo kuwa mvuke kunahitaji kama megajuli 2.27, zaidi ya mara 7, na wakati wote huo kipimajoto hakisogei. Hili ndilo joto fiche, na ndilo linalokula kuni, dizeli na makapi. Moto ukiongezwa chini ya sufuria inayochemka tayari, maharagwe hayaivi upesi zaidi. Kinachoongezeka ni mvuke unaopaa. Anayetazama nyuzi peke yake hataona gharama ilipo. Kanuni ya kwanza ya thamodinamiki inamtaka mpimaji achore mpaka kuzunguka mtambo wake, aandike kila kinachoingia na kila kinachotoka, kisha ahakikishe pande mbili zinalingana. Katika mitambo ya ukanda huu, sehemu kubwa ya kinachotoka ni mvuke, na atakayesahau kuuandika atakuwa na hesabu isiyofunga.

Tuanze na mahindi. Kiwango kinachokubalika Afrika Mashariki kwa mahindi ya kuhifadhi ni unyevu usiozidi asilimia 13.5, na kinatokana na maisha ya kuvu. Juu ya hapo kuvu hupata maji ya kutosha kukua, na baadhi ya kuvu hao hutengeneza sumu ya aflatoksini. Mwaka 2004 sumu hiyo iliugusa mwili wa taifa: katika eneo la Ukambani watu 317 waliugua na 125 kati yao wakafa baada ya kula mahindi yaliyohifadhiwa vibaya. Kitale haina joto la Ukambani, lakini mavuno yake makuu huangukia kati ya Oktoba na Desemba, miezi ambayo mara kwa mara mvua hukataa kuisha. Chukua tani moja ya mahindi yenye unyevu wa asilimia 20. Ndani yake mna kilo 800 za kitu kikavu, ambazo hazibadiliki. Ili kilo hizo ziwe asilimia 86.5 ya mzigo, mzigo wote unapaswa kushuka hadi kilo 925, maana yake kilo 75 za maji zimeondoka. Kwa kuwa maji yanayotoka ndani ya punje huhitaji kama megajuli 2.45 kwa kilo katika nyuzi za kukaushia, kazi nzima haiwezi kugharimu chini ya megajuli 184 za joto, sawa na lita 5 za dizeli. Mashine za kukausha kwa hewa moto kwa kawaida hutumia megajuli 4 hadi 6 kwa kila kilo ya maji. Tukichukua 5, tani hiyo itakula lita 10 na ushei. Mahindi yakija na unyevu wa asilimia 25, maji ya kuondoa huwa kilo 133, na dizeli hupanda kuelekea lita 18 au 19. Bei ya kukausha ikitajwa kwa gunia peke yake, bila unyevu wa kuanzia, mkulima aliyengoja mahindi yake yakauke kwenye mabua atakuwa anamlipia jirani aliyekimbilia kuvuna.

Hesabu hiyohiyo ina faida ambayo kipimo cha lita hakina: inalinda haki. Gunia la kilo 90 lililoingia na unyevu wa asilimia 20 litatoka na kilo 83 hivi. Mwenye mali anayeona kilo 7 zimepotea ana haki ya kuuliza zimekwenda wapi, na mwenye mashine asiyejua hesabu hana jibu la kumtuliza. Vilevile mwenye mashine mwenye tamaa anaweza kupunguza kilo 10 na kusema ni maji. Hesabu ya kitu kikavu inamaliza ubishi wa pande zote mbili, kwa maana maji hayaondoki bila kuacha alama kwenye mizani. Inafichua pia hasara isiyoonekana ya kukausha kupita kiasi. Mahindi yakisukumwa kutoka asilimia 13.5 hadi 12, kila tani iliyoingia na unyevu wa asilimia 20 hupoteza kilo 16 hivi zaidi za uzito wa kuuzia. Tena maji hayo ya mwisho ndiyo ya ghali kuliko yote, kwa kuwa yamejificha katikati ya punje na husafiri polepole kufika nje. Joto hufika kwenye ngozi ya punje haraka kuliko maji yanavyoweza kutoka kwenye kiini. Mashine inayolazimisha mambo hapo huchoma mafuta, hupasua punje, na hewa yake hutoka ikiwa bado ina moto na kiu.

Kwa nini basi mashine zitumie megajuli 5 pale ambapo 2.45 zingetosha? Jibu liko kwenye hewa. Hewa ya Kitale yenye nyuzi 20 na unyevu wa asilimia 80, ikipashwa hadi nyuzi 45, unyevu wake linganifu hushuka hadi asilimia 20 hivi, ingawa hakuna tone la maji lililotolewa. Hewa hiyo sasa ina uwezo wa kunyonya. Ikipita kwenye nafaka na kutoka na nyuzi 30, imetumia nyuzi 15 kati ya 25 ilizopewa, yaani asilimia 60 ya joto. Zilizobaki zimekwenda angani. Ikipashwa hadi nyuzi 80 na kutoka na 35, imetumia 45 kati ya 60, yaani asilimia 75. Kwa hesabu ya kanuni ya kwanza peke yake, moto mkali unashinda. Lakini Kitale si mji wa chakula tu. Ni makao ya kampuni ya mbegu ya Kenya Seed, iliyoanzishwa mwaka 1956, na utafiti wa mahindi uliofanyika mjini humo ndio uliotoa chotara ya H611 mwaka 1964. Mbegu ikipashwa kupita nyuzi 43 hivi, kiini chake huanza kufa, na mbegu iliyokufa haina thamani ya mbegu hata kama imekaushwa kwa mafuta kidogo kuliko zote. Hapa ndipo ufanisi unapofundishwa adabu: hauna maana mpaka utaje kazi iliyokusudiwa. Mashine ya mbegu yenye asilimia 60 inaweza kuwa mashine bora kabisa, na ya unga yenye asilimia hiyohiyo ikawa ya kutengenezwa upya.

Mwinuko nao unadai nafasi yake katika hukumu. Mita moja ya ujazo ya hewa ina uzito wa kama kilo 1.2 kule Mombasa. Kitale ina kilo 0.95 hivi. Feni husukuma ujazo, haisukumi uzito. Kwa hiyo feni iliyochaguliwa kwa jedwali la usawa wa bahari, ikifungwa Kitale, hubeba joto pungufu kwa takriban moja ya tano katika nyuzi zilezile, na kichomeo cha mafuta hupata oksijeni pungufu kwa kiasi hichohicho. Mwendeshaji ataona mashine haifikii tani zilizoandikwa kwenye kibati chake, atalaumu nafaka au ataongeza mafuta, na moshi mweusi utamwambia kwamba sehemu ya mafuta hayo inatoka bila kuungua. Hakuna aliyemdanganya, kibati kiliandikwa kwa ajili ya hewa ya mahali pengine. Kaunti inaponunua mashine za kukausha inapaswa kudai ziandikiwe uwezo wake katika mwinuko wa mita 1,900, na ahadi hiyo itolewe kwa kilo za maji kwa saa.

Pingamizi la kwanza ni la jua. Mkulima wa Kiminini anaweza kusema kwamba jua halina ankara, kwa hiyo habari ya megajuli ni ya wenye mashine. Ana hoja, na kipimo hiki kinampa haki yake: tukihesabu joto lililonunuliwa, mahindi yaliyokauka juani yana sifuri, na hakuna mhandisi atakayeshinda sifuri. Tatizo la jua ni eneo na muda. Siku nzuri ya eneo hili huleta kama megajuli 18 kwa kila mita ya mraba, na turubai la kuanikia likifanikiwa kutumia robo yake, litaondoa chini ya kilo 2 za maji kwa mita kwa siku. Kilo 75 za tani yetu zitadai mita za mraba 40 kwa siku moja iliyonyooka, au 20 kwa siku mbili. Mwenye magunia 10 anaweza. Mwenye magunia 500 katika wiki ya mvua hawezi, na mahindi yaliyonyeshewa usiku hurudisha maji yaliyotolewa mchana. Jibu la busara ni kugawana kazi. Jua liachiwe maji ya mwanzo, ambayo ni mengi na hutoka kwa urahisi, na mashine ihifadhiwe kwa kumalizia na kwa siku za dharura. Kila asilimia ya unyevu inayoondolewa na jua kabla ya kufika kwenye bohari la Bodi ya Kitaifa ya Nafaka na Mazao, NCPB, ni kama kilo 12 za maji kwa tani ambazo hazitachoma dizeli.

Na hata pale mashine inapohitajika, dizeli si lazima. Tani moja ya mahindi yaliyopukuchuliwa huacha nyuma kiasi cha kilo 180 za magunzi. Yakiwa makavu, kila kilo ina megajuli zipatazo 14, jumla megajuli 2,500. Tanuri la kawaida likipoteza nusu njiani, zinabaki 1,250, zaidi ya mara 3 ya zile 375 ambazo mashine ya wastani inazihitaji. Hili limekwisha jaribiwa nchini: mradi wa AflaSTOP uliunda Kenya mashine ndogo ya EasyDry M500, inayochoma magunzi na kukausha kilo 500 kwa takriban saa 3. Ugumu wake uko kwenye uhamishaji wa joto. Moshi wa magunzi haufai kugusa chakula, kwa hiyo joto lazima lipite kwenye ukuta wa chuma kutoka gesi ya moto hadi hewa safi. Gesi na hewa hupokezana joto kwa uvivu mkubwa ukilinganisha na maji. Chuma chenyewe si kizuizi; vizuizi ni tabaka jembamba la gesi lililolala kila upande wa chuma. Fundi atakayeongeza unene wa bati kwa kudhani anaboresha atakuwa ameongeza bei na uzito tu. Anayetaka matokeo ataongeza eneo kwa mabomba mengi au mapezi, ataongeza mwendo wa hewa, na atasafisha masizi kila wiki. Karakana za jua kali za Kitale na Bungoma zina uwezo wa kazi hiyo, ikiwa zitapewa kipimo cha kulenga badala ya picha ya kunakili.

Sasa tuteremke Bungoma. Kampuni ya Sukari ya Nzoia ilianzishwa mwaka 1975 na kuanza kusaga mwaka 1978. Kama viwanda vyote vya miwa, ina bahati ambayo kiwanda cha saruji au cha chuma hakina: malighafi yake huja na kuni zake. Kila tani 100 za miwa huacha karibu tani 30 za makapi, na makapi hayo huendesha boila. Hapa kuna hesabu moja inayowapotosha wengi. Kilo ya makapi yenye maji nusu kwa nusu hutoa kama megajuli 7.6; yenye maji asilimia 40 hutoa kama 9.6. Muuzaji wa mtambo wa kukausha makapi anaweza kutangaza ongezeko la robo nzima. Lakini kilo ya pili si kilo ya kwanza. Kilo 100 za makapi mabichi zikikaushwa kufika asilimia 40 hubaki kilo 83, na joto la kilo hizo 83 ni megajuli 800 hivi dhidi ya 760 za mwanzo. Ongezeko halisi ni asilimia 5, pamoja na faida ya moto mkali zaidi na gesi chache zaidi za kubeba joto dohani. Faida hiyo ni ya kweli na inafaa kutafutwa, hasa kwa kuyapitisha makapi kwenye gesi za dohani ambazo zingepotea. Ila kiwanda kitakachokopa fedha kwa kutarajia robo kitakuja kujuta. Aliyetangulia kuchora mpaka na kushika kitu kikavu kisichobadilika, kama tulivyofanya kwa mahindi, hawezi kunaswa na mtego huo.

Kazi kubwa zaidi ya joto kiwandani iko kwenye mitungi ya kuchemshia juisi. Tani moja ya juisi yenye asilimia 13 ya vitu vilivyoyeyuka, ikitakiwa kuwa shira ya asilimia 65, inabaki kilo 200. Kilo 800 za maji lazima ziondoke. Katika karai la wazi kila kilo hudai joto lake fiche kamili, na karai lenyewe humwaga joto jingi pembeni. Njia ya kutoka ilipatikana na Norbert Rillieux, mhandisi mweusi aliyezaliwa New Orleans mwaka 1806 na kusomea Paris, katika hati zake za uvumbuzi za mwaka 1843 na 1846. Aliona kwamba mvuke unaotoka kwenye mtungi wa kwanza bado una joto lake fiche lote; kilichopungua ni nyuzi tu. Akiushusha mtungi wa pili kwenye shinikizo dogo zaidi, juisi ya humo itachemka kwa nyuzi za chini, na mvuke wa kwanza utaweza kuichemsha. Wa pili utachemsha wa tatu, wa tatu utachemsha wa nne. Kilo moja ya mvuke wa boila huondoa karibu kilo 4 za maji katika mitungi minne, na zile kilo 800 hudai kilo 200 na ziada kidogo badala ya zaidi ya 800. Kipimo chetu cha megajuli kwa kilo ya maji kinashuka chini ya joto fiche lenyewe, jambo ambalo mashine ya kukaushia mahindi haiwezi kulifikia.

Inafaa kuuliza kwa nini haiwezi, maana jibu ndilo linalofungua kanuni ya pili. Mvuke wa mtungi wa juisi ni mvuke mtupu, na hurudi kuwa maji karibu na nyuzi ulizotokea, ukitoa joto lake mahali linapohitajika. Mvuke wa mahindi umechanganyika na hewa nyingi, na hautarudi kuwa maji mpaka hewa hiyo ishuke karibu nyuzi 20 na kitu, kiwango ambacho hakiwezi kumpasha yeyote. Wingi wa joto ni uleule. Ubora wake umekwisha. Kwa hiyo karai la sukari guru lina dawa, na mashine ya mahindi ina dawa tofauti. Mpishi wa sukari guru anaweza kufunika karai la kwanza na kuupeleka mvuke wake upashe juisi inayosubiri, na anaweza kupanga makarai katika mstari mmoja wa moto ili gesi zinazotoka chini ya la mwisho zianze kupasha la mbele. Mwenye mashine ya mahindi hana mvuke wa kuokoa; akiba yake iko katika kutumia tena hewa inayotoka ikiwa bado kavu, hasa ya mwisho wa kukausha, na katika kupumzisha nafaka ili maji ya kiini yasogee nje kabla ya kuipoza.

Ubora huohuo ndio unaoeleza umeme wa miwa. Moto wa makapi hupita nyuzi 1,000 mara nyingi, ilhali juisi inahitaji mvuke wa nyuzi 120 hivi. Kuutoa moto huo moja kwa moja hadi nyuzi 120 ni kutupa uwezo uliokuwa katikati. Sadi Carnot alionyesha mwaka 1824 kwamba uwezo huo hutegemea nyuzi za juu na za chini peke yake: mvuke wa nyuzi 350 ukishushwa hadi 120 unaweza, kwa upeo wa nadharia, kutoa kazi ya asilimia 37 ya joto lake, wa nyuzi 520 asilimia 50. Turbaini ikiwekwa katikati huzalisha umeme, na mvuke unaotoka hukamilisha kazi ya kuchemsha kana kwamba hapakuwa na kitu njiani. Jirani wa Bungoma, kiwanda cha Mumias katika kaunti ya Kakamega, kilijenga mtambo wa namna hii wa megawati 38 na mwaka 2009 kikaanza kuuzia gridi ya taifa megawati 26. Hapa linakuja pingamizi la pili: makapi ni takataka, ya nini kuyabania? Zamani pingamizi hili lilikuwa na nguvu. Wajenzi wa viwanda vya sukari waliridhika na boila dhaifu kwa kuwa ziliyamaliza makapi yasirundikane uani. Lakini angalia hesabu. Boila ya kawaida hutoa kilo 2 hivi za mvuke kwa kilo ya makapi, kwa hiyo tani 100 za miwa hutoa tani 60 za mvuke. Kiwanda kinachotumia tani 50 kina ziada ya 10. Kikipunguza matumizi hadi 40, ziada inakuwa 20, maradufu, bila kuongeza hata muwa mmoja. Takataka huacha kuwa takataka siku inapopata mnunuzi.

Kabla ya kununua turbaini, hata hivyo, kuna akiba isiyohitaji mkopo mkubwa. Juisi ya miwa huacha ukoko ndani ya mabomba ya mitungi, na maji yasiyosafishwa vizuri huacha wake ndani ya mabomba ya boila. Chuma hupitisha joto kwa wepesi unaozidi ukoko huo mara 25 hadi 50. Ukoko wa milimita moja unazuia joto sawa na ukuta wa chuma wa sentimita 2.5 au zaidi. Kwenye mtungi wa juisi, maana yake ni kwamba maji yanaondoka polepole na kiwanda kizima kinasubiri. Kwenye boila ni hatari zaidi: bomba lisiloweza kulitoa joto lake hupata moto kupita kiasi na kupasuka. Kiwanda kikisimama kwa ajili hiyo, moto uliotumika kuipasha boila upya utakuwa umeondoa kilo sifuri za maji. Daftari la megajuli kwa kilo ya maji huonyesha ukoko ukijengeka wiki baada ya wiki, kabla macho hayajauona. Tarehe ya kusafisha ingetoka kwenye daftari hilo, isingoje bomba lipasuke.

Pingamizi la tatu ndilo zito kuliko yote. Mtu wa Bungoma atasema kwamba viwanda vyetu havikuuawa na thamodinamiki. Kiwanda cha karatasi cha Pan African Paper Mills mjini Webuye kilisimama Januari 2009 kikiwa kimelemewa na madeni. Mumias, pamoja na mtambo wake wa kisasa wa umeme, iliwekwa chini ya mrasimu mwaka 2019. Nzoia ilidhoofika miaka mingi kwa uhaba wa miwa, mishahara isiyolipwa na deni kwa wakulima, mpaka mwaka 2025 serikali ilipoikodisha kwa mwekezaji binafsi kwa miaka 30, pamoja na viwanda vingine vitatu vya umma. Yote hayo ni kweli, na hakuna kanuni ya joto inayoweza kuilisha boila isiyoletewa miwa. Mumias inafundisha kwamba turbaini nzuri ndani ya shirika bovu hufa pamoja na shirika. Lakini kutoka hapo hatuwezi kuruka na kusema kwamba hesabu ya joto haina kazi. Uongozi mbaya hustawi mahali ambapo hasara haina namba. Meneja anaweza kueleza lolote kuhusu deni, soko na hali ya hewa. Hawezi kueleza kwa nini mtambo uleule, kwa miwa ileile, umetumia mvuke mwingi zaidi mwezi huu kuliko uliopita, isipokuwa kwa kutaja bomba, valvu au siku za kusimama. Namba hiyo ni ushahidi ambao mfanyakazi wa boila anaweza kuutoa bila kuogopa kuambiwa anaingilia siasa. Na katika mkataba wa miaka 30, ambapo mali ni ya umma na uendeshaji ni wa mtu binafsi, wananchi wana haki ya kujua kama mitambo inatunzwa au inakamuliwa mpaka mwisho.

Litasalia pingamizi la mwisho, kwamba vifaa vya kupimia ni ghali na wataalamu ni wachache. Kwa mashine ya mahindi vifaa ni mizani, kipima unyevu, kijiti cha kupimia tangi la mafuta na daftari. Uzito wa kuingia na wa kutoka hutoa maji. Tangi hutoa joto. Kugawanya kunafanywa na yeyote aliyemaliza darasa la nane. Kwa karai la sukari guru, inatosha kupima kuni kwa mizani na kina cha juisi kwa rula. Kiwanda kinahitaji mita za mvuke na vipimajoto, vitu ambavyo kiwanda chochote cha heshima kinavyo au kilikuwa navyo. Wataalamu nao wako karibu. Kitale ina taasisi yake ya kitaifa ya ufundi, Bungoma ina taasisi ya ufundi ya Sang'alo na Chuo Kikuu cha Kibabii. Mwanafunzi wa uhandisi mitambo anayekokotoa mizunguko ya mvuke kwa majedwali ya kitabu angejifunza mengi zaidi akipewa mashine ya kukausha ya bohari la jirani, atafute kilo zake za maji na megajuli zake, aeleze tofauti kati ya namba aliyoipata na 2.45, kisha aandike kwa Kiswahili kinachosomeka na mwenye mashine jambo moja la kurekebisha. Mradi kama huo ungekuwa mtihani wake na ungekuwa huduma kwa kaunti kwa wakati mmoja.

Kwa hiyo madai yenyewe ni machache na yanawezekana. Zabuni za mashine za kukausha zitaje kilo za maji kwa saa na megajuli kwa kilo, katika mwinuko wa mahali mashine itakapofungwa. Risiti ya mkulima ionyeshe unyevu wa kuingia, wa kutoka, na uzito wa vyote viwili. Kiwanda cha sukari kilichokodishwa kitangaze kila msimu mvuke wake kwa tani ya miwa na siku ilizosimama boila. Vyuo vipime mitambo ya kwao kabla ya ile ya vitabuni. Hakuna hata moja kati ya haya linalongoja uvumbuzi mpya, kwa kuwa sayansi yake ina zaidi ya miaka 150 na sehemu kubwa ya kuni zake zinaachwa shambani kila mavuno. Kinachokosekana ni mazoea ya kuhesabu maji. Kaunti itakayoyajenga mazoea hayo itajua gharama halisi ya kila gunia linaloingia ghalani na kila mfuko wa sukari unaotoka kiwandani, na itakuwa na sauti yenye ushahidi siku itakapokaa mezani na mwekezaji, muuzaji wa mashine au serikali kuu.